Tumekaa Tu Kwenye Basi

Kila Garissa inapotajwa mbele ya Wakatoliki wa bara, hakosi mmoja wa kuuliza: "Lakini mapadri wanafanya nini huko? Waumini wenyewe wako wapi?" Muulizaji hana haja ya jibu, maana ameshapiga hesabu zake. Ubatizo haba, polisi wenye bunduki langoni siku ya Misa, mikoba ya akina mama inapekuliwa kabla ya kusali. Hasara tupu! Afadhali pesa hizo zimalizie mnara wa parokia yetu.

Hesabu hiyo ni ya duka. Injili haina mahali pake.

Waumini wapo. Ni walimu, wauguzi, polisi na vibarua waliotoka Kitui, Kisii na kwingineko. Ukishuka na mto Tana utawakuta Wapokomo, na kambini Dadaab wapo wakimbizi Wakristo. Tena wamelipa kwa damu. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, abiria 28 wakauawa, walimu waliokuwa wakirudi makwao likizo wakiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Anayetaka kuwafungia kanisa waliobaki aende akawaambie mwenyewe.

Lakini Kanisa likiishia kwao tu, litakuwa kantini ya watumishi wa serikali. Msomali Mwislamu aliye ng'ambo ya ukuta wa kanisa ndiye jirani tuliyeambiwa tumpende, abatizwe asibatizwe.

Aliyelielewa hilo hakuwa padri wala mtawa. Annalena Tonelli, Mwitaliano, alifika Kenya mwaka 1969, akakaa Wajir akiwatibu wafugaji waliougua kifua kikuu. Mfugaji hakai kitandani miezi sita huku ngamia wake wanahama, kwa hiyo wagonjwa walijengewa vibanda vya kwao karibu na kituo, wakala na kulala hapo, wakameza dawa mbele ya macho ya mhudumu hadi wapone. Hakumdai mtu ubatizo. Februari 1984, mwezi uleule Garissa ilipofanywa jimbo Katoliki, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilikiri vifo 57. Manusura wanasema ni mamia kwa mamia, pengine maelfu. Annalena aliwauguza majeruhi, akasaidia kuzika maiti, akahakikisha habari zinavuka mipaka. Malipo yake yalikuwa kufukuzwa nchini. Aliuawa kwa risasi Borama, mwaka 2003, akiwa bado na wagonjwa wake.

Tena si sisi tu tunaotoa. Tumepewa pia. Desemba 2015 basi jingine, likielekea Mandera, lilisimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab, abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu walikataa katakata. Akina mama walivua mitandio wakawafunika Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi hapo, akafa Januari iliyofuata.

Sasa panda basi la Garissa kwenda Nairobi. Kwenye kizuizi polisi anaingia, anaangalia nyuso, Wasomali wanateremshwa na vitambulisho mkononi. Mzee wa miaka sabini anasimama juani akiulizwa kwao ni wapi, na yuko kwao! Sisi wenye rozari shingoni tunafanya nini? Tunabofya simu. Tunanung'unika kwamba tunacheleweshwa. Aprili 2014, katikati ya Kwaresima, Wasomali waliokamatwa kwenye msako wa polisi walifungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, Nairobi. Ni jumuiya ngapi za Nairobi zilizopeleka hata maji? Na Februari 2025 Rais Ruto alipofuta ukaguzi wa ziada waliofanyiwa Wasomali wakiomba vitambulisho, niliwasikia Wakristo wenzangu wakilalama kana kwamba wameibiwa.

Na mnaojivunia wingi wa miito, nisikieni. Tangu Garissa iwe jimbo hadi 2022 maaskofu wake walikuwa Wakapuchini kutoka Malta, kisiwa kinachoweza kumezwa na tarafa moja ya Wajir. George Muthaka ndiye Mkenya wa kwanza kukikalia kiti hicho. Mapadri wetu tunawasindikiza Marekani na Italia kwa ngoma na vigelegele. Wa kwenda Mandera anasindikizwa kwa pole.

Baba Maaskofu, kila mwaka mnatutolea kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, tunakisoma jumuiyani juma baada ya juma: ufisadi, ukabila, vijana. Juma moja liwe la Wagalla. Litajeni jina hilo waziwazi, semeni nani aliua na nani aliuawa, kisha swali la kujadili liwe hili: polisi akiwateremsha Wasomali, utashuka nao?