Sarafu Iliyokatazwa, Mali Iliyotozwa Kodi

Kitu kimoja kimepewa majina mawili na serikali moja. Tarehe 12 Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kwamba biashara, utangazaji na matumizi ya sarafu za mtandaoni ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni, na kwamba shilingi ya Tanzania ndiyo fedha halali ya pekee katika nchi. Katika tangazo hilo kitu kiliitwa sarafu, na kwa kuwa kiliitwa sarafu kilikatazwa. Mwezi wa Julai 2024, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kitu hicho hicho kiliitwa mali ya kidijitali, na kwa kuwa kiliitwa mali kilitozwa kodi ya shilingi tatu katika kila shilingi mia za malipo. Mlangoni kilifukuzwa kwa jina moja. Dirishani kikapokelewa kwa jina jingine. Wanafunzi wa lugha hufundishwa kwamba visawe ni maneno mawili yenye maana moja. Hapa pana ajabu ya visawe viwili vyenye hukumu mbili.

Shabaha ya maneno yafuatayo si kuisifu sarafu hiyo kama kwamba ni neema. Walio wengi katika mji wa Morogoro na katika vijiji vya Uluguru hawana haja nayo, na anayeikimbilia kwa tamaa aghalabu hujuta. Shabaha ni kushindana na namna yenyewe ya kukataza. Marufuku iliyosimama juu ya tangazo badala ya sheria, kisha ikafuatwa na kodi, haimlindi mnyonge. Humwondolea mahali pa kushtaki, ikamwachia mdanganyifu uwanja mzima.

Yafaa kwanza kitu chenyewe kijulikane. Bitcoin, iliyo mama wa sarafu hizi, ilianza mwaka 2009. Haina noti wala kipande cha madini. Ni daftari la hesabu lililonakiliwa katika kompyuta nyingi za dunia, na kila ukurasa wake umefungamana na ukurasa uliotangulia, hata mtu akibadili tarakimu moja kwa hila, madaftari mengine yote humsuta. Idadi yake imewekewa mpaka wa milioni 21. Mwenye nayo hana cheti. Ana ufunguo wa siri, na kwa desturi ufunguo huo waweza kuandikwa kwa maneno 12 au 24 ya kawaida. Aliyeyahifadhi maneno hayo moyoni amebeba mali yake kichwani. Basi kumkataza mtu kumiliki sarafu hii ni karibu sawa na kumkataza kukumbuka maneno. Askari aweza kupekua kabati. Kumbukumbu hawezi kuipekua. Mahali ambapo mkono wa serikali hufika ni pale tu shilingi inapogeuka kuwa sarafu, na sarafu inaporudi kuwa shilingi. Penye mlango huo ndipo pafaapo bawabu, na bawabu hawezi kufanya kazi katika mlango ambao wakubwa wake husema haupo.

Hoja ya wanaokataza si hoja ya wajinga, na haki yataka ielezwe kwa nguvu zake zote. Benki Kuu ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na shilingi ya Tanzania ikashika mahali pa shilingi ya Afrika ya Mashariki. Uhuru wa bendera ulipata miguu siku hiyo, kwa maana taifa lisiloamuru fedha yake huamriwa na fedha ya wengine. Tena mkulima wa Nyandira ateremshaye kabichi, na mama wa Kinole aletaye ndizi katika soko la Chifu Kingalu, wana haja ya kipimo kisichobadilika kati ya asubuhi na jioni. Bitcoin moja ilikuwa na bei ya dola zipatazo 69,000 mwezi wa Novemba 2021. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Kipimo cha namna hiyo si cha kuuzia ndizi. Mwenye kusema kwamba serikali haina haki ya kuiogopa sarafu hii hasemi kweli.

Lakini hofu ya haki haihalalishi kila dawa. Na afikiriwe kijana wa chuo, katika Mzumbe au katika Sokoine, aliyempa mtu akiba yake ili amnunulie sarafu. Siku mbili tatu anaonyeshwa tarakimu zikipanda katika simu. Siku ya nne mtu hapatikani wala simu yake haiiti. Kijana aende wapi? Akifika kituo cha polisi, swali la kwanza litakuwa: fedha ulimpa za nini? Akijibu kweli, ameungama kwamba alishiriki katika jambo lililotangazwa kuwa kinyume cha kanuni. Akificha kweli, mashtaka yake hayana mguu wa kusimamia. Basi hurudi chumbani akanyamaza. Aliyemwibia ajua atanyamaza, na kwa kujua hivyo humtafuta mwingine. Mwizi hana rafiki mwema kuliko katazo linalomtia hofu aliyeibiwa. Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tangazo hili ni kisu, nalo makali yake yameelekea upande wa mnyonge.

Hapo watetezi wa marufuku hudai kwamba bila katazo matapeli wangezidi. Historia ya karibu yawajibu. Mwaka 2009, mwaka ule ule ambao Bitcoin ilizaliwa na kabla haijasikika mitaani, Tanzania ilitikiswa na upatu wa DECI. Watu waliambiwa kwamba kutoa fedha ni kupanda, na kupokea zilizozidi ni kuvuna. Lugha tamu ya shamba ilitumika kuvuna watu. Fedha zilizopandwa zilikuwa shilingi halali za Benki Kuu, wala hapana aliyependekeza shilingi ikatazwe kwa sababu hiyo. Walioshtakiwa ni waliouendesha upatu, na waliopanda walihesabiwa kuwa wamedhulumiwa. Huko ndiko kuona sawasawa: dhambi ya utapeli i katika ahadi ya uwongo, si katika chombo kilichobeba ahadi hiyo.

Tena tangazo la 2019 halisimami vema hata juu ya msingi wake lenyewe. Limetegemea kanuni za fedha za kigeni. Mwenye kujali maana ya maneno hana budi kuuliza: kigeni cha nchi gani? Mwaka huo hapakuwa na taifa hata moja lililoifanya Bitcoin kuwa fedha yake. El Salvador, iliyotangulia, ilifanya hivyo Septemba 2021. Ikiwa sarafu hii si fedha ya kigeni, kanuni za fedha za kigeni haziigusi. Ikiwa ni fedha ya kigeni, Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ndiyo iliyowafungulia Watanzania mlango wa kuwa na fedha za namna hiyo. Tangazo lilizungumza juu ya kufanya biashara na kutumia. Mtu aliye nayo tu, asiyeuza wala kununua, ameachwa katika ukungu mfano wa ule unaofunika kilele cha Kimhandu asubuhi. Raia hapaswi kuishi katika ukungu. Apaswa kujua, kabla ya kulala, kama anavunja sheria au havunji.

Mwaka 1992 wafaa kukumbukwa pamoja na mwaka 1983. Katika mwaka huo wa 1983 ilipigwa vita kubwa juu ya walanguzi na wahujumu wa uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Dakawa, katika mkoa wa Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kina jina lake, na jina hilo limestahili heshima. Hapana mwenye haki atakayeutilia shaka uadilifu wa mtu yule. Lakini uadilifu wa kiongozi ni jambo moja, na nguvu ya msako ni jambo jingine. Bidhaa zilifichwa na nyingine zikatupwa, walakini njaa ya bidhaa haikuondoka. Mwaka 1984 serikali yenyewe iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo, na mwaka 1992 maduka ya kubadilishia fedha yakawekwa wazi mitaani. Kilichofanywa kwa siri na kuadhibiwa kikafanywa peupe na kuandikwa vitabuni. Nchi haikuangamia.

Milima ya Uluguru ina somo la zamani zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliona udongo wa milima ukichukuliwa na mvua. Hatari ilikuwa ya kweli. Dawa ikawa amri: watu wachimbe matuta ya ngazi, na asiyechimba aadhibiwe. Katika miteremko mingi matuta yalifukua udongo mfu wa chini, mazao yakadhoofu, na aliyelima kwa amri akavuna hasara yake mwenyewe. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, risasi zikapigwa, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Lakini upande wa Mgeta, ambako palikuwa na maji ya mifereji na mboga zilikuwa na soko, watu walilima katika matuta pasipo kusimamiwa na askari. Tuta lilikuwa lile lile. Lililotofautiana ni kwamba huku lilikuja na faida iliyoonekana, na kule lilikuja na faini. Wanaotaka kuongoza mambo ya fedha kwa tangazo wangefanya vema kupanda Matombo wakaulize habari za mwaka 1955.

Wakiwa huko na waulize pia habari za ngoto. Ardhi ya Uluguru tangu kale ilikuwa ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu wa ukoo mwingine aliyetaka shamba aliliomba kwa mkuu wa ukoo, naye akatoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Malipo hayo yalifunga pande zote mbili. Mlimaji alikiri kwamba ardhi si yake. Mkuu, kwa kuipokea ngoto, alikiri kwamba mlimaji hakuingia kwa wizi. Mkuu aliyepokea ngoto asubuhi na jioni akamwita mlimaji mvamizi angeaibika mbele ya wazee. Kodi ya 2024 ni ngoto. Serikali iliyoipokea imekiri, ipende isipende, kwamba mlipaji ana haki fulani ya kuwapo. Tena kodi hiyo huhesabiwa katika malipo, si katika faida, hata aliyeuza kwa hasara hukatwa. Kuchukua sehemu ya hasara ya mtu, kisha kumnyima ulinzi kwa kuwa jambo lake ni kinyume cha kanuni, ni dhuluma iliyovaa kanzu safi.

Mataifa mengine yamejaribu njia zote. Marekani mwaka 1933 iliwaamuru raia wasalimishe dhahabu zao kwa bei ya dola 20.67 kwa aunsi, na mwaka uliofuata ikaipandisha bei kuwa dola 35. Amri ile ilikuwa kali na yenye hila, lakini ilitaja siku ya mwisho, adhabu, kiasi kilichoruhusiwa kubaki na bei ya kulipwa. Raia alijua aliposimama. Algeria katika sheria yake ya fedha ya 2018 ilikataza waziwazi kununua, kuuza, kutumia na hata kumiliki. Ni katazo kubwa mno, walakini ni katazo la sheria. Nigeria mwezi wa Februari 2021 ilizikataza benki zake kuhudumia biashara hii. Watu wakauziana wao kwa wao mbali na macho ya benki, na Desemba 2023 katazo la benki likaondolewa. Kenya, ambayo Benki Kuu yake ilitoa onyo tangu 2015, ilipata mwaka 2025 sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoaji wa huduma hizi. Kila moja ya nchi hizi ilichagua. Kisichofaa ni kukataa kuchagua na huku mkono umenyooshwa kupokea.

Wala Tanzania haikosi mfano wake yenyewe. Fedha za simu zilipoanza kuenea mwaka 2008, hapakuwa na sheria mahsusi juu yake. Benki Kuu haikutangaza kwamba ni haramu. Iliandika barua ya kutopinga, ikaweka masharti, ikatazama, ikajifunza, na mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Kwa ajili ya subira hiyo mkulima wa Mgeta aliweza kupokea bei ya mboga zake pasipo kulala njiani na noti kiunoni. Mwezi wa Juni 2021, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa ajili ya sarafu hizi. Neno la maandalizi lilisemwa. Matunda yaliyotangulia kuonekana yakawa kodi.

Litasemwa kwamba sheria ya kusimamia itakuwa kama kibali, na kwamba maskini atavutwa na jina la serikali akatumbukia. Ni pingamizi la kweli. Lakini sheria ya sumu si sifa ya sumu. Sheria yaweza kusema kwamba shilingi peke yake ndiyo fedha ya kulipia deni. Kwamba anayeuza sarafu apate leseni, atenge fedha za wateja na zake, na aandike hatari kwa Kiswahili kinachosomeka. Kwamba atakayeahidi faida isiyopungua ashtakiwe. Kwamba aliyetapeliwa asikilizwe bila kushtakiwa. Au Bunge laweza kukataza kabisa, likieleza sababu na mipaka, na kodi ikafutwa siku hiyo hiyo. Njia zote mbili zina heshima, kwa kuwa katika zote mbili raia husomewa hukumu kabla ya kuadhibiwa. Serikali inayodai kumlinda mnyonge na imfungulie kwanza mlango wa kituo cha polisi. Mkono wake wa kodi umekwisha kuufikia mfuko wake.