FUNDI WA NYUMBANI: Kitako Imara cha Stendi ya Baiskeli



Wengi wetu tutengenezapo baiskeli nyumbani huigeuza juu chini, ikasimama kwa tandiko na usukani. Njia hiyo yatosha kwa kuziba pancha. Haifai kwa kurekebisha breki au usukani, na kazi ikiwa ndefu, kiuno cha fundi hutoa malalamiko. Ndiyo sababu watu hujitengenezea stendi: nguzo moja, mkono mmoja juu yake, na baiskeli huning'inia hapo. Nguzo na mkono si kazi ngumu. Kazi ngumu, ambayo aghalabu hufanywa kwa haraka, ni kitako. Leo tutazungumza juu ya kitako.

Na tuchukue mfano wa Nchelenge, wilaya ya Jimbo la Luapula nchini Zambia, kando ya Ziwa Mweru, ambapo ng'ambo ya maji ni Kongo. Huko baiskeli ni punda wa nyumba. Hubeba mihogo kutoka shambani, hubeba samaki na wale dagaa waitwao chisense kutoka ufukoni hadi soko la Kashikishi, na pengine humbeba mgonjwa. Samaki hamngoji mwenye gurudumu lililopinda. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria hufunga uvuvi katika ziwa hilo ili samaki wazaane. Miezi hiyo ya mvua, baiskeli zikiwa na nafasi ya kupumzika, ndiyo miezi ifaayo kwa matengenezo.

Lakini ardhi ya ufukoni ni mchanga, na uani hapana sakafu iliyonyooka. Stendi iliyosimama vema dukani kwa fundi, hapo uani huyumba. Ikipinduka, baiskeli yenye uzito upatao kilo 20 huanguka kutoka juu. Tukumbuke ni nani aliye karibu nayo saa hiyo: ni mtoto, kwa kuwa ndiye aitwaye azungushe pedeli wakati baba au mama atazamapo mnyororo. Basi kitako si jambo la mapambo.

Kwa nini stendi hupinduka? Watu husema ni kwa sababu ni nyepesi, wakaenda kutafuta chuma. Uzito ni nusu ya jibu tu. Nusu ya pili ni upana. Fanya hesabu hii ndogo. Ukifungua nati ngumu, waweza kuisukuma stendi kwa nguvu ya kilo 10, kwa kimo cha mita 1 kutoka chini. Ikiwa ukingo wa kitako uko sentimita 25 tu kutoka kwenye nguzo, kitako hapana budi kiwe na uzito wa kilo 40 ndipo kisipinduke. Ukiusogeza ukingo huo hadi sentimita 50, kilo 20 zatosha. Upana ukiongezeka maradufu, uzito unaohitajika hupungua nusu. Ubao mrefu ni rahisi kuupata kuliko chuma kizito.

Jambo la pili ni idadi ya miguu. Kila mpishi ajua kwamba mafiga ni matatu. Vitu vitatu hukaa imara hata mahali pasipo sawa, ilhali kiti cha miguu minne hutikisika pale mguu mmoja ukosapo ardhi. Kwa uwanja wa mchanga, chagua miguu mitatu. Lakini ujue upungufu wake: stendi ya miguu mitatu hupinduka kwa wepesi kuelekea pale katikati ya mguu na mguu. Kwa hiyo miguu iwe mirefu, na uzito uwekwe chini kabisa.

Jambo la tatu ndilo lisahauliwalo zaidi. Baiskeli haining'inii juu ya nguzo. Huning'inia mbele yake, penye mkono. Nguzo ikisimama katikati ya kitako kidogo, uzito wa baiskeli huangukia nje ya kitako, na stendi huwa imekwisha kuinama kabla hujaigusa. Nguzo irudishwe nyuma, ili baiskeli ikae juu ya kitako chenyewe.

Sasa tujenge. Tafuta mbao mbili ngumu, za mninga au za mti mwingine usiooza upesi, kila moja iwe na urefu wa sentimita 120, upana wa 10 na unene wa 5. Ziunge ziwe umbo la herufi T: ubao wa kwanza ulale kama kichwa cha herufi, wa pili utoke katikati yake kwenda mbele. Tumia bolti mbili, si misumari peke yake, kwa kuwa misumari hulegea kwa mtikisiko. Simamisha nguzo juu ya ule ubao wa pili, sentimita 40 kutoka kwenye kichwa cha T. Mkono wa juu utokeze sentimita 40 mbele, kwa kimo cha sentimita 120, nao uchongwe kijishimo cha kulaza bomba la juu la baiskeli. Baiskeli ikae kwa kukingamana na ubao wa mbele, kisha ifungwe kwa vipande vya tyubu kuukuu, mkononi na kwenye nguzo, isibembee.

Nguzo isiachwe peke yake. Iegemeze kwa mbao tatu za mshazari: mbili ziende kwenye ncha za kichwa cha T, na moja mbele. Ile ya mbele isipande nguzo zaidi ya sentimita 40, isije ikagongwa na pedeli.

Chini ya kila ncha, yaani ncha mbili za kichwa na ncha ya mbele, pigilia kipande cha ubao cha sentimita 20 kwa 20. Hivyo ndivyo viatu vya stendi. Kiatu kipana hakizami mchangani. Kwa sakafu ya saruji, gundisha kipande cha tairi chini yake ili kisiteleze. Hakikisha kwamba hapana sehemu nyingine ya kitako igusayo ardhi, la sivyo faida ya miguu mitatu itapotea.

Umebaki uzito, nao usinunuliwe. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu ina kiasi cha kilo 30. Ikijazwa maji ina kilo 20 tu. Mchanga ni bora, na katika ufuko wa Ziwa Mweru hauna bei. Ujaze katika magunia mawili madogo, uyafunge vema, uyalaze katika zile pembe mbili zilizo kati ya kichwa cha T na nguzo, kisha uyakaze kwa kamba. Usiyatundike juu, kwani uzito ulio juu husaidia kuangusha.

Kabla ya kuitumia stendi, ijaribu. Isukume kutoka kila upande ikiwa tupu. Kisha tundika mkononi mzigo wa kilo 40, mara mbili ya uzito wa baiskeli, uuache kwa saa moja huku watoto wakiwa mbali. Kiungo kikilia au kiatu kikiinuka, kaza bolti, ongeza mchanga, ujaribu tena. Ikiisha kutulia, ndipo mtoto aitwe kuzungusha pedeli, naye asimame upande wa nguzo, wala si chini ya mkono.

Mwenye nyumba yake mwenyewe aweza kumwaga zege ndani ya tairi kuukuu la gari na kusimamisha bomba humo. Lita moja ya zege ina kiasi cha kilo 2.4, kwa hiyo hata tairi lililojazwa nusu huwa zito mno kwa mtu mmoja kuliinua. Bomba likae karibu na ukingo wa nyuma, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza, na zege linyweshwe maji kwa siku 7 kabla ya kupewa kazi.

Lakini kwa askari na polisi wakaao katika nyumba za serikali, twashauri kitako cha mbao. Nyumba si yako kuichimba, na amri ya uhamisho haingoji zege. Siku ya kuondoka, mimina mchanga pale ulipouchota, fungua bolti, funga mbao kwenye baiskeli yenyewe. Huko uendako, pwani au bara, mchanga au mawe hayatakosekana. Kilicho mali yako ni umbo. Uzito wa kuazima upo kila mahali.

Mbao zisilale juu ya ardhi yenye maji msimu wa mvua; mchwa na unyevu huanza na viatu. Vikague kila mwezi, na kibadilishwe kile kilichooza kabla hakijakuangusha.

Juma lijalo, tukiwa na stendi isiyotikisika, tutajifunza kunyosha gurudumu lililopinda kwa kukaza na kulegeza spoki.