Wafu wetu ni wa nani?

Tangu sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2022, tarehe 2 mwezi wa 8 ni siku ya taifa ya kukumbuka waliouawa katika vita vya inchi yetu. Ni tarehe ile ile vita vya pili vilipoanza, mwaka 1998. Hapa Kasungami tuna wajane wa askari katika makusanyiko, na swali linarudi kwetu wachungaji: tusome majina ya wafu mbele ya madhabahu? Tuweke picha zao pale?

Tuangalie Japani kwanza. Si mbali na sisi kama tunavyofikiri: sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kati ya vilivyobomoka tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945 lilikuwa hekalu la Gokoku la mji ule. Gokoku maana yake kulinda inchi. Ni mahekalu ya dini ya Shinto, yako karibu kila jimbo, kwa ajili ya askari wa jimbo lile waliokufa. Lakini pale jina halikumbukwi tu. Mfu anakuwa roho ya kuabudiwa, na serikali ya zamani ilitumia jambo hilo kutuma vijana vitani.

Askari mmoja wa jimbo la Yamaguchi alikufa kazini katika ajali ya barabarani, mwaka 1968. Mjane wake, Nakaya Yasuko, alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti. Mwaka 1972 chama cha maaskari wa zamani, kikisaidiwa na ofisi ya jeshi, kiliingiza jina la bwana yake katika hekalu la Gokoku, ingawa mama alikuwa amekataa. Alishitaki. Alishinda mara mbili, lakini tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 1988 Korti Kuu ilimwangusha: ilimwambia avumilie dini ya wengine. Miaka 15 ya mashitaka, na jina likabaki pale.

Wandugu na wadada, wengine kati yetu wanasoma habari hii na kusema: basi tusitaje wafu kanisani, ni ibada ya sanamu. Hapana. Mama Nakaya hakukataa bwana yake akumbukwe. Yeye mwenyewe alikuwa akimkumbuka katika kanisa lake. Alikataa wakubwa kumchukua bila yeye. Na jambo hilo sisi pia tunaweza kulifanya, bila hekalu lolote, tunapomwita kijana shujaa kwa kipaza sauti wakati mama yake angali anauliza nani alimpeleka kwenye mapigano, na mwili wake uko wapi.

Kwa hiyo tunashauri hivi: picha zisikae madhabahuni. Majina yasomwe, ya askari na ya raia pamoja, lakini mchungaji aende kwanza nyumbani. Jamaa ikisema hapana, jina lisisomwe, hata kama chifu wa mtaa ndiye aliyeleta orodha.