Tusione Kinyaa, Choo cha Sungura Kina Habari

Wapo watakaokunja uso wakisoma kichwa cha makala haya, na wapo watakaouliza kama gazeti limeishiwa na mambo hata likageukia vinyesi vya wanyama. Nawaomba radhi, hususan wale waliokaa na kikombe cha kahawa mkononi. Lakini wahenga walikwisha kutuasa ya kwamba mficha uchi hazai, na jambo hili tunalolionea haya ndilo linalowamaliza sungura wachanga majumbani mwetu, huku watoto wetu wakilia na sisi tukitoa sababu zisizo na kichwa wala miguu.

Tangu utotoni tumelelewa na hadithi za Sungura mjanja, aliyewashinda Simba na Fisi kwa akili zake. Yule wa hadithi ni sungura wa mwituni, ambaye baadhi ya wazee wetu wakimwita kitungule, na mtoto wake huzaliwa na manyoya yake na macho wazi. Huyu tumfugaye kibandani ni jamaa yake wa mbali, asili yake ni Uhispania na nchi za jirani, naye huzaliwa uchi, kipofu, hajiwezi kwa lolote. Ujanja wa mwenziwe hana ila mmoja, nao ni kuficha maradhi. Mnyama anayewindwa na kila mwenye meno haonyeshi udhaifu. Atajikunyata pembeni kimya mpaka asubuhi umkute amelala ubavu, roho imekwisha toka. Mficha maradhi kifo humwumbua. Kitu kimoja tu hawezi kukuficha, nacho ni choo chake.

Sungura ana choo cha aina mbili. Cha kwanza ni vile vidonge vikavu vya mviringo tuvijuavyo sote. Mkubwa mwenye afya aghalabu hutoa vidonge 200 mpaka 300 kwa siku. Cha pili hatukioni mara nyingi, maana hukitoa anapotulia peke yake na kukila papo hapo kabla hakijagusa chini. Hicho ni laini, cheusicheusi, kinang'aa kwa ute, tena kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu.

Hapa ndipo wengine wanaposema sungura ni mchafu, na kumfananisha na kuku wa jaani. La hasha! Majani anayoyala yakipita katika utumbo mwembamba hufika njia panda. Nyuzinyuzi nene husukumwa nje upesi, nazo ndizo vile vidonge vikavu. Vilivyo laini hurudishwa katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na humo vijidudu vyema huviumua kama hamira iumuavyo mchele wa mkate wa kumimina. Yanayotokea humo ni chakula bora chenye protini na vitamini za namna ya B na K. Lakini mfuko huo uko mbele ya mahali ambapo chakula hufyonzwa, kwa hiyo hana budi kukila tena kikapite mara ya pili. Ng'ombe hucheua kwa kinywa. Sungura, ambaye hata kutapika hawezi, amepewa njia nyingine. Daktari wa wanyama wa Kifaransa aitwaye Morot aliyaeleza haya tangu mwaka wa 1882. Anayemzuilia sungura asile choo hicho kwa kumwonea kinyaa, amnyima riziki aliyopangiwa na Muumba wake.

Sasa tumtazame mtoto. Mama yake humnyonyesha kama mara moja tu kwa siku, tena kwa dakika chache. Afikapo wiki ya 3 huanza kutafunatafuna majani, na huonja hata vinyesi vya mama yake, na kwa njia hiyo hujipatia vijidudu vyema vya tumboni. Tumbo lake wakati huo halijawa na tindikali kali kama la mkubwa; maziwa ndiyo yanayomkinga. Akiachishwa kabla ya wakati, kinga ya maziwa imekatika na tindikali haijakomaa. Kwa sababu hiyo majuma yale ya kuachishwa, kuanzia la 4 mpaka la 8 hivi, ndiyo daraja la hatari katika maisha yake.

Je, sisi hufanya nini? Zikaribiapo sikukuu za Idi, watoto wakiwa na vijisenti vyao mkononi, utawaona wauzaji wakitembeza ndani ya makasha vitoto vya sungura ambavyo havikutimiza hata wiki 5. Mteja huambiwa, "Chukua huyu, hana taabu, hula chochote." Mtoto humpeleka nyumbani akamlisha mkate, biskuti, chapati na ugali uliolala. Wanga huo hufika katika ule mfuko ukawa karamu ya vijidudu viovu. Siku ya tatu anaharisha, ya nne anazikwa. Kisha mama wa nyumba husema, "Ni kijicho cha jirani, alimsifu mno bila ya kusema mashaallah."

Mimi sikanushi kijicho, maana kimetajwa na dini. Ninalolipinga ni kukitwisha kijicho mzigo wa chapati. Miaka yote niliyofuga uani kwangu, kila asubuhi hutazama sakafu ya kibanda kabla ya kumtazama sungura mwenyewe, na sioni haya kulisema.

Nitazamacho ni hiki. Vidonge vya mtoto huwa vidogo kama pilipili manga, na kadiri anavyokua hukaribia punje ya mbaazi kavu. Vyema ni vile vya mviringo, vinavyolingana, na ukikipasua kimoja kwa kijiti ukaona ndani nyuzi za majani. Vikiwa vidogo kuliko kawaida, vyeusi na vigumu, basi majani hayamtoshi, au maji, au ana maumivu, pengine ya meno, ambayo kwa sungura hayakomi kukua. Vikiunganishwa na nywele kama tasbihi, anajilamba manyoya mengi. Mwongezee majani na umchane. Vishada laini vikibaki sakafuni bila ya kuliwa, hiyo si kuhara, bali aghalabu chakula chake ni kinono mno. Punguza vitamu na unga.

Kuhara kwa kweli ni kwa maji, na makalio yake yamelowa. Kwa sungura mchanga hiyo si habari ya kungoja kesho, maana aweza kufa siku iyo hiyo. Kadhalika ukiona ute mtupu kama uji wa sagai, au usione kidonge hata kimoja na chakula hakigusi kwa muda wa saa 12, mtafute daktari wa wanyama upesi. Mkojo wa rangi ya machungwa au mweupe kama chokaa usikutie hofu peke yake, kwani mara nyingi ni kwa ajili ya chakula tu.

Fauka ya hayo, kuna vijidudu viitwavyo koksidia vinavyotoka na kinyesi cha sungura mmoja kumwambukiza mwingine. Vitokapo haviambukizi mara hiyo. Huhitaji siku moja au zaidi vikomae kwa joto na unyevu, na pwani yetu haikunyimwa hata kimoja kati ya viwili hivyo. Anayefagia kibanda kila siku huvikata njiani. Maadamu wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, twajua ya kwamba kinyesi cha mnyama ni najisi hata nyama yake ikiwa halali. Kwa hiyo kibanda kikae uani mbali na miswala yetu, na ufagio huo mmoja utakuwa umefanya kazi mbili.

Chakula chake kikubwa kiwe majani makavu. Ukoka haununuliwi: ukate mahali pasipopitwa na mbwa, uanike mpaka ukauke, kisha uuweke pakavu usije ukaota ukungu. Majani ya viazi vitamu yanamfaa kidogokidogo. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, usimpe. Kila chakula kipya kiingizwe polepole, kwa siku kadhaa, wala maji yasikosekane kibandani.

Na tafadhali, tuache kumpa vidonge vyetu vilivyobaki kabatini. Dawa za namna ya penisilini na amoksisilini, zikitiwa kinywani mwa sungura, huua vijidudu vyake vyema na kuwaachia viovu uwanja. Wengi waliokufa kwa "kuhara" yamkini waliuawa na tiba.

Sote tumesikia darsani habari za yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutia. Sungura wa kibandani ni mfungwa wetu kama paka yule. Kumlisha kisichomfaa kwa kuwa hatukutaka kujifunza hakupishani sana na kumnyima.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wasiuze mtoto wa sungura kabla hajatimiza wiki 8, na wanunuzi wakatae kumchukua aliye chini ya hapo, hata akiwa wa kupendeza namna gani. Muuzaji naye amwoneshe mteja choo cha mnyama kabla ya kupokea fedha, kama vile muuza embe asivyokataa embe lake kubonyezwa. Na wazazi wamfundishe mtoto kazi ya kufagia na kutazama kabla ya kumfundisha kumbeba na kumbusu. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo, heri abaki na Sungura wa hadithi, ambaye hali wala haendi choo.