Beleshi la Theluji si Jembe



Huku Bugendana barafu tunayoijua ni ya mvua ya mawe, nayo huyeyuka watoto wangali wanaiokota. Lakini Warundi wengi wako Kanada, hasa Quebec kwa ajili ya Kifaransa, na wapo wazee wanaoitwa na watoto wao kwenda kuishi nao. Theluji ikianguka, mzee hukabidhiwa beleshi. Husemwa, "Baba ni mkulima, kazi hii haimshindi." Mimi naona hilo ni kosa kubwa.

Tupige hesabu. Kijia cha mita 10 kwa mita 1, chenye theluji ya sentimita 20, kina mita za ujazo 2. Theluji ikiwa kavu na nyepesi ni kama kilo 200, yaani mifuko 4 ya saruji. Ikilowa yaweza kufika kilo 600, mifuko 12! Jembe hushuka kwa uzito wake lenyewe. Beleshi la theluji ni kuinua na kurusha, tena katika baridi inayobana mishipa ya damu, na moyo ndio unaolipa. Watafiti wa Quebec walichunguza miaka 1981 hadi 2014, wakachapisha mwaka 2017: siku iliyofuata theluji ya sentimita 20, hatari ya wanaume kufa kwa shambulio la moyo ilikuwa juu kwa asilimia 34 kuliko baada ya siku isiyo na theluji. Kwa wanawake hawakuiona tofauti hiyo. Huenda ni kwa sababu wanaume ndio hushika beleshi.

Basi mwanafunzi mwenye miaka 20 aache simu, atoke yeye. Madrasani tunafundisha fadhila ya kuondoa udhia njiani, na fadhila hiyo si ya babu peke yake.

Kuhusu kununua, watu hukimbilia beleshi pana la chuma wakidhani ndilo litamaliza kazi upesi. Likijaa theluji iliyolowa, halinyanyuki. Kwa kijia cha nyumba chukua lile la kusukuma, pana lakini la plastiki. Kama kuna uwanja wa gari, lipo kama toroli lisilo na gurudumu, lenye mpini mpana wa kushika kwa mikono miwili. Hilo husukumwa tu, halibebwi. Montreal nyumba nyingi zina ngazi za nje, na huko litafaa dogo jembamba. Toka mapema, theluji ingali inaanguka, uiondoe kidogo kidogo. Wala usiisukumie barabarani, waweza kutozwa faini.

Mashine za petroli mimi sizipendelei kwa nyumba ndogo. Ni ghali, na ikiziba, mtu huingiza mkono kuizibua, akapoteza vidole. Aliye nayo aizime kwanza, kisha atumie kijiti.

Chumvi ya kuyeyusha barafu, baridi ikipita nyuzi 15 chini ya sifuri, haisaidii sana. Mwaga mchanga kwenye ngazi.

Na gari likifunikwa, zibueni kwanza bomba la moshi nyuma kabla ya kuwasha injini, hasa kama watoto wameshakaa ndani wakisubiri joto. Gesi ya sumu iliyomo katika moshi ule haina harufu ya kuwaonya.