Kwa nini msumari unazama na meli inaelea?

Mzazi, jioni ya leo muulize mwanao swali hili: kwa nini msumari unazama, lakini meli inayokwenda Zanzibar inaelea? Watoto wengi hujibu, “Kitu kizito kinazama.” Mbona meli ina tani nyingi na haizami?

Jibu ni densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya mafuta ya kula ina takriban gramu 920, ndiyo maana mafuta hukaa juu ya mchuzi. Msumari ni chuma kitupu. Meli ni chuma chenye nafasi kubwa ya hewa ndani, hivyo kwa ukubwa wake wote ni nyepesi kuliko maji.

Mwonyeshe jikoni

Weka yai bichi ambalo halijakaa sana kwenye glasi ya maji. Litazama. Litoe, tia chumvi vijiko vitatu vya chakula, koroga, kisha lirudishe. Kama bado linazama, ongeza chumvi kidogo kidogo mpaka lielee. Yai ni lilelile. Maji ndiyo yamekuwa mazito zaidi.

Somo la kuokoa maisha

Densiti ya mwili wetu inakaribiana sana na ya maji. Mapafu yakijaa hewa, wengi tunaelea. Hewa ikitoka, tunaanza kushuka. Kwa hiyo anayezama anahitaji kitu cha kumbakisha juu. Dumu tupu la lita 20, likifungwa kifuniko vizuri, lina uzito wa kama kilo moja tu, lakini kulizamisha lote ni kusukuma kilo 20 za maji. Linaweza kumsaidia mtu abaki juu.

Mfundishe mwanao: ukiona mwenzako anazama, usimfuate majini. Piga kelele watu wazima waje, mrushie dumu, likiwa na kamba ni bora zaidi. Lakini dumu si la kuchezea wala kujifunzia kuogelea.

Wenye watoto wadogo, kumbukeni kuwa kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Akitumbukia kichwa chini kwenye ndoo, anaweza kushindwa kujiinua. Funika ndoo na mapipa, na mkimaliza jaribio la yai, mwaga maji.