Mwalimu wa Kodi Aliyeitwa Serikalini

TUWAJUE WATU WA DUNIA

Mwezi huu, ndugu msomaji, tunakwenda Hispania. Hispania ni nchi ya Ulaya, upande wa kusini-magharibi. Kati yake na Moroko kuna mlango mwembamba tu wa bahari. Wakulima wa huko hulima ngano, zeituni, zabibu na machungwa.

Mtu wetu wa mwezi huu ni Enrique Fuentes Quintana. Alikuwa mwalimu wa uchumi wa chuo kikuu. Mwaka 1977 aliitwa kuwa Makamu wa Waziri Mkuu, mwenye jukumu la uchumi. Alikaa katika kiti hicho muda usiofika miezi minane. Wahispania bado wanazungumza juu ya miezi hiyo.

Fuentes alizaliwa mwaka 1924 katika mji mdogo wa Carrión de los Condes, jimbo la Palencia. Huko ni nchi ya ngano. Alipokuwa na umri wa miaka 11, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Vita hivyo viliisha mwaka 1939. Mshindi alikuwa Jenerali Francisco Franco. Alitawala mpaka alipokufa mwezi Novemba 1975. Katika miaka yote hiyo wananchi hawakuwa na uchaguzi huru. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kuunda vyama vyao wenyewe. Mgomo ulikuwa kosa.

Kijana Fuentes alisoma sheria, kisha akasoma uchumi. Akawa profesa. Somo lake kubwa lilikuwa fedha za serikali, yaani kodi zinavyokusanywa na zinavyotumika.

Somo hilo lilimpa mambo mengi ya kusema. Zamani hizo kodi nyingi za Hispania zilikuwa zimefichwa ndani ya bei za vitu. Maskini akinunua kitu dukani, analipa kodi. Tajiri akinunua kitu kile kile, analipa kodi ile ile. Kodi ya namna hiyo haitazami mfuko wa mtu. Kodi ya mapato ilikuwepo, lakini wenye mali nyingi walijua njia za kuikwepa. Fuentes alifundisha kwamba mwenye kingi atoe zaidi. Mwaka 1973 taasisi aliyoiongoza iliandika taarifa ndefu juu ya kubadili kodi. Serikali ya Franco haikuitekeleza. Si ajabu, maana waliokwepa kodi hawakuwa mbali na serikali hiyo.

Mwaka huo huo wa 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani. Kabla ya miezi mingi kupita, pipa moja lilikuwa na bei mara nne ya ile ya zamani. Hata sisi Afrika Mashariki tuliumia. Hispania ilinunua karibu mafuta yake yote kutoka nje. Lakini serikali iliogopa kuwaambia wananchi ukweli. Ikatumia fedha zake kuzuia bei ya mafuta isipande sana ndani ya nchi. Deni likakua.

Juni 1977 Wahispania walipiga kura huru kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1936. Adolfo Suárez akashinda. Akamwita profesa Fuentes. Wakati huo bei za vitu zilikuwa zinapanda kama moto wa nyika. Mpaka mwisho wa mwaka 1977 zilipanda kwa asilimia 26. Yaani kitu cha peseta 100 kikawa cha peseta 126. (Peseta ilikuwa fedha ya Hispania kabla ya euro.)

Tarehe 8 Julai 1977 Fuentes alitokea kwenye televisheni. Aliwaeleza wananchi hali ilivyo, bila kuwabembeleza. Mwezi huo huo serikali ilipunguza thamani ya peseta kwa kiasi cha asilimia 20. Maana yake ni hii. Mgeni mwenye dola aliweza kununua machungwa mengi zaidi ya Hispania, na hiyo ilikuwa faida. Lakini Mhispania alihitaji peseta nyingi zaidi kununua pipa moja la mafuta. Dawa hiyo ilikuwa chungu.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa mishahara. Tuseme fundi wa viatu analipwa peseta 100. Bei zinapanda, naye anadai peseta 126 ili arudi alipokuwa. Nani atamlaumu? Mwenye kiwanda anampa. Kisha anapandisha bei ya viatu ili arudishe alichotoa. Na wenzake wa viwanda vingine wanafanya hivyo hivyo. Fundi akienda dukani anakuta nyongeza yake imekwisha kuliwa. Mwaka unaofuata anadai zaidi, na mchezo unaanza tena.

Fuentes alisema nyongeza isipimwe kwa bei za mwaka uliopita. Ipimwe kwa bei zinazotazamiwa mwaka unaokuja. Kiwango cha mwaka 1978 kikawekwa asilimia 22. Hesabu hiyo ni rahisi kuiandika ubaoni. Kwa fundi wa viatu ilikuwa na maana kwamba mwanzoni atapungukiwa. Kwa nini akubali?

Hapo profesa alionyesha kwamba anajua zaidi ya hesabu. Alijua kwamba mfanyakazi hawezi kuombwa ajinyime peke yake. Pia alikumbuka jamhuri ya miaka ya 1930, iliyovunjika katikati ya shida na ugomvi. Aliogopa uhuru mpya nao usije ukavunjika. Basi serikali iliwaita viongozi wa vyama vyote vya Bunge katika jumba la Moncloa, mjini Madrid. Alikuja Santiago Carrillo, kiongozi wa Wakomunisti, aliyekaa uhamishoni miaka mingi. Alikuja Manuel Fraga, aliyekuwa waziri wa Franco. Alikuja Felipe González wa Wasoshalisti. Walikuwa maadui wa jana, sasa wanakaa meza moja.

Tarehe 25 Oktoba 1977 walitia sahihi Mapatano ya Moncloa. Walikubali kiwango cha mishahara. Upande wa pili, serikali iliahidi kubadili kodi, kujenga shule, kuongeza malipo ya wazee na kulinda uhuru wa wananchi. Waliotia sahihi ni vyama vya siasa, si vyama vya wafanyakazi. Wafanyakazi wengine walinung'unika kwamba mishahara yao imeamuliwa bila wao kuwepo. Manung'uniko hayo yalikuwa na haki yake.

Ahadi ya kodi haikukawia. Mwezi Novemba sheria mpya ilipitishwa. Kukwepa kodi kubwa kukawa kosa la jinai. Maofisa wa kodi wakapata ruhusa ya kutazama hesabu za benki. Sheria ya kodi ya mapato ikafuata mwaka 1978, chini ya Waziri wa Fedha, Francisco Fernández Ordóñez. Mambo aliyoyafundisha Fuentes darasani sasa yakawa sheria.

Bei nazo zilitulia kidogo. Mwaka 1978 zilipanda kwa kiasi cha asilimia 16, si 26 tena. Lakini kazi zilizidi kuwa adimu. Viwanda vingi vilifungwa, na kufikia mwaka 1985 watu zaidi ya 20 katika kila 100 waliotaka kazi hawakuwa nayo. Mapatano hayakuwapa hao dawa.

Fuentes hakuwepo tena serikalini. Alijiuzulu mwezi Februari 1978, baada ya kutoelewana na mawaziri wenzake. Hakuwa mtu wa chama, na hakuwa na kundi la kumtetea. Alirudi kwenye vitabu vyake na wanafunzi wake. Aliongoza uandishi wa historia ya wanauchumi wa Hispania, vitabu tisa vinene. Alifariki Madrid tarehe 6 Juni 2007, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoipiga Hispania, Waziri Mkuu Pedro Sánchez aliviita vyama vyote vikae tena kama walivyokaa wale wa Moncloa.